Pini Ikikatika, Dereva Asishtakiwe

Kila mwaka mvua za Machi zinapoanza kunyesha, barabara zetu nyingi za udongo hugeuka uji, na magari ya jeshi na ya polisi, ambayo hayana ruhusa ya kungoja jua litoke, huwa ya kwanza kuzama. Hapo ndipo husikika sauti ya kamanda ikiuliza, "Winchi iko wapi?" Winchi hutolewa chini ya viti ikiwa imejaa vumbi la tangu mwaka uliopita, kamba yake imejikunja ovyo, na mahali pa pini pamekaa msumari. Juu ya msumari huo ndipo ninapotaka kusema leo, kwa sababu nauona kuwa ni kosa la wakubwa kabla haujawa kosa la dereva.

Mashine ninayoisema ni ile winchi ya mkono ya kamba ya waya, ambayo mafundi wengi huiita Tirfor kwa jina la chapa yake iliyo mashuhuri. Haina injini wala ngoma ya kuzungushia kamba. Ndani ya kasha lake mna jozi mbili za mataya ya chuma. Jozi moja ikishika kamba na kuivuta, ya pili huachia na kusogea mbele. Kisha ya pili hushika na ya kwanza huachia, sawasawa na mtu avutaye ndoo kisimani kwa mikono miwili. Mzigo wenyewe ndio unaoyabana mataya: kadiri unavyozidi uzito ndivyo yanavyozidi kuuma. Ile ya tani 1.6, ambayo hufaa gari dogo, ina uzito wa kilo 18 hivi bila kamba yake, na askari mmoja aweza kuichukua begani akapanda nayo mlima.

Wepesi huo ndio thamani yake. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulipoporomoka huko Bududa ukakifunika kijiji cha Nametsi, askari wetu na wanakijiji walichimba kwa majembe na kwa mikono, maana mashine kubwa hazikuweza kufika pale. Novemba 30, 2021, jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Kongo katika Operesheni Shujaa, tope la njia za Kivu ya Kaskazini na Ituri liliwachelewesha watu kiasi kwamba wahandisi iliwabidi kutengeneza barabara huku vita vikiendelea. Na askari polisi waliowahi kupangiwa Karamoja hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote jinsi ule udongo mweusi wa kule unavyoshika gurudumu baada ya mvua fupi. Katika mahali pa namna hiyo gari la kuvuta magari haliji, au laja kesho. Kilichopo ni hiyo winchi iliyo chini ya viti.

Sasa tuje kwenye pini. Mkono wa kuvutia, yaani ule unaosukumwa na kurudishwa ili gari lisogee, umeunganishwa na mtambo wa ndani kwa pini ndogo ambazo ni dhaifu kwa makusudi. Zimewekwa ili zikatike. Mzigo ukizidi kipimo, zinakatika wao wenyewe wahandisi walivyopanga, kabla kamba haijakatika na kabla kulabu haijafunguka. Nazo zikikatika, mzigo hauponyoki: mataya huendelea kushika, na mkono wa kurudisha hufanya kazi yake kama kawaida, hivyo mvuto waweza kulegezwa taratibu, pini mpya zikatiwa, na kazi ikaanza upya kwa akili zaidi. Pini ni mlinzi wa lindo la mbele. Kazi yake ni kupiga kelele kabla adui hajaingia kambini. Lakini msumari haujapimwa na mtu yeyote. Pengine utakatika mapema mno. Pengine hautakatika kabisa, na hapo ndipo kitu kingine kitakapokatika badala yake.

Kwa nini basi askari mwenye akili timamu atie msumari? Nitaeleza nilivyoona. Katika kikosi kimoja nilichopata kukifanyia kazi, ambacho sina haja ya kukitaja, koplo mmoja dereva alikwenda stoo kuomba pini.

"Afande, pini za winchi zimekatika."

"Zimekatika, au umezikata?" akauliza sajini wa stoo.

"Zimekatika, afande. Gari lilikuwa limezama mpaka kwenye bodi."

"Andika maelezo. Na ujue zitakatwa kwenye mshahara wako."

Koplo akaandika maelezo, akakatwa. Mara ya pili hakwenda tena stoo. Alikwenda kwa seremala. Baada ya miezi michache lori lilikwama kwenye kijito, na vijana wanne wakachomeka bomba la maji juu ya mkono wa winchi ili wapate nguvu zaidi. Msumari haukukatika. Ilikatika kamba, na ncha yake ikarudi kama mjeledi, ikamvunja paja askari mmoja aliyekuwa amesimama kando ya mstari wake akitazama tu. Uchunguzi ulifanywa, na neno lililoandikwa lilikuwa ni uzembe wa dereva. Hakuna aliyeuliza msumari ulifikaje pale.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba askari wasipotozwa watavunja vitu ovyo, na kwamba mali ya umma lazima iwe na mwenye uchungu nayo. Hoja hiyo siidharau, kwa kuwa nimeona pia spana mpya zikipotea katika juma moja. Lakini pini si kitu cha kutunzwa kama bunduki inavyotunzwa. Pini ni kama risasi: hutolewa ili itumike. Risasi twazihesabu, na twamwuliza askari amepiga wapi na kwa sababu gani, wala hatumtozi bei yake kwa kuwa amempiga adui. Vivyo hivyo pini iliyokatika ni habari iliyoletwa na mlinzi, nayo yafaa iandikwe: tarehe, gari gani, lilizama kiasi gani, kamba ilipitishwa mara ngapi. Dereva akikata pini tano kwa mwezi mmoja, daftari litasema hivyo, naye atafundishwa kazi, au gari lake litapunguziwa mzigo. Lakini atakayekutwa na msumari ndani ya winchi, huyo naafiki kabisa apewe adhabu, na bwana stoo aliyemnyima pini asimame naye mstari mmoja.

Jambo la pili ni mafuta, na hapa kosa si la ukali wa wakubwa bali la imani iliyoenea. Askari wengi huamini kwamba mashine inayoshika kamba kwa mataya haipaswi kutiwa mafuta, maana kamba itateleza. Kwa akili ya kawaida ni hoja nzuri. Hata mimi niliishika kwa miaka. Kumbe ukweli ni kinyume chake. Mataya yaliundwa yashike kamba iliyolowa mafuta, na kinachoyaharibia kazi ni ukavu. Mashine kavu ina dalili yake ambayo kila dereva ameiona bila kujua jina lake. Unasukuma mkono, kamba inakuja sentimita chache. Unaurudisha, kamba nayo inarudi sentimita zile zile. Watu wanatoka jasho, gari halisogei, na winchi imekuwa kama pampu ya baiskeli. Sababu ni kwamba jozi moja ya mataya imenata juu ya kamba kwa ukavu, nayo inaizuia ile nyingine isifunguke na kusogea mbele. Si hali ya hatari kwa yenyewe, wala mashine haijafa. Inaomba mafuta tu. Ikiwa inavuta kwa kushtukashtuka, ombi ni hilo hilo.

Mafuta yenyewe ni ya gia, yale mazito ya namba 90 hadi 120, na yamiminwe kwa wingi kwenye tundu inamoingilia kamba na kwenye nafasi za mikono, huku mikono ikichezwa mbele na nyuma mpaka mafuta yafike ndani. Kamba nayo ipakwe. Jambo moja tu la kuogopa ni grisi au mafuta yaliyochanganywa na grafaiti au molibdeni, zile grisi nyeusi zinazosifiwa sana kwenye gareji. Hizo kweli huteleza, na hazifai kabisa katika mashine hii. Nadhani ndizo zilizoanzisha ile imani potofu: fundi mmoja alitia grisi nyeusi, kamba ikateleza, na tangu siku ile mafuta yote yakahukumiwa pamoja.

Winchi iliyoingia tope au mchanga haitoshi kupakwa mafuta juu ya uchafu. Yapasa ioshwe. Iondolewe kwenye mzigo, mataya yafunguliwe, izamishwe katika beseni la mafuta ya taa na kutikiswa, kisha igeuzwe juu chini ili mchanga utoke kupitia zile nafasi za mikono, iachwe ikauke, ndipo itiwe mafuta ya gia. Asetoni na dawa nyingine kali za viwandani za kuondolea grisi zisitumike. Na kazi hii ifanyiwe mbali na jiko la posho, kwa sababu ambazo sina haja ya kumweleza mtu mzima. Winchi ikirudishwa katika sanduku, mataya yafungwe ili springi zake zipumzike.

Iko hali ya tatu ambayo haifanani na hizo mbili, nayo ndiyo inayovunja mikono ya watu. Mkono wa kuvutia unagoma kabisa, hauendi mbele wala haurudi. Aghalabu sababu yake ni kwamba kipande cha kamba kilichoharibika, chenye nyuzi zilizokatika au kupindana, kimeingia kati ya mataya na kukwama humo. Hapo mtu hushawishika kuleta bomba, na bomba likija, watu huwa watatu juu yake. Asilete. Kazi isimame, mzigo ushikwe kwa njia nyingine, ama kwa winchi ya pili yenye kamba yake, ama kwa magogo na mawe yaliyopigwa chini ya magurudumu, mpaka winchi iliyokwama isibaki na mzigo hata kidogo, kisha ipelekwe kwa fundi. Mkono uliokuja na mashine umepimwa urefu wake kwa makusudi. Urefu wowote unaoongezwa ni uongo unaoambiwa pini.

Kwa hiyo ugonjwa wa winchi mara nyingi ni ugonjwa wa kamba. Kamba ya mashine hii si waya wowote unaopatikana sokoni. Yapasa iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye unene kamili na moyo wa chuma, maana yenye moyo wa katani au nailoni husagwa na mataya na kupoteza umbo. Kamba ya winchi ya tani 1.6 ina kipenyo cha milimita 11.5, nayo ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, yaani ikifika milimita 10.3 hivi, imekwisha hata kama kwa macho yaonekana nzima. Ipimwe kwa kalipa, mahali pengi, hasa karibu na kulabu. Kamba iliyofanya kifundo na kukazwa haiponi tena kwa nyundo. Ikunjuliwe kwa kuviringishwa chini kama mpira wa maji, isivutwe tu kutoka kwenye mviringo wake. Isizungushwe kwenye mti na kuunganishwa na kulabu yake yenyewe. Mti ufungwe kwa kamba nyingine fupi iliyowekewa vijiti au gunia chini yake, ndipo winchi iangikwe hapo. Na mtu asiishike kwa mkono mtupu, kwa maana uzi mmoja tu wa waya uliokatika hupasua kiganja.

Lakini hata winchi nzima yenye pini halali na mafuta tele itashindwa ikiwa anayeitumia hajui hesabu ya tope. Hesabu hiyo ni fupi na kila koplo aweza kuikariri. Gari likizama mpaka katikati ya magurudumu, nguvu ya kulitoa ni sawa na uzito wake wote. Likizama mpaka kwenye madigadi, ni mara 2 ya uzito. Likizama mpaka kwenye kabini, ni mara 3. Tuchukue Land Rover yenye uzito wa tani 2.5 pamoja na shehena, iliyozama mpaka katikati ya magurudumu. Yahitaji mvuto wa tani 2.5. Winchi ya tani 1.6 ikiivuta moja kwa moja, pini zitakatika, na zitakuwa zimefanya kazi yao kwa uaminifu. Lakini kapi likifungwa kwenye gari, kamba ikapita humo na ncha yake kurudi kufungwa kwenye mti, mvuto huwa karibu tani 3.2, ukiondoa kidogo kinachopotea kwenye kapi lenyewe, nalo gari hutoka. Gari lile lile likiwa limezama mpaka kwenye madigadi laomba tani 5, na hapo kapi moja halitoshi. Hapo dawa ni jembe. Chimbeni mbele ya magurudumu, shusheni mizigo, na askari wateremke, kwa sababu askari 10 pamoja na silaha na mabegi yao wakaribia tani nzima. Nashangaa ni mara ngapi nimeona watu wakivuta lori huku nusu ya kikosi imekaa ndani yake ikitoa maelekezo.

Wasiofanya kazi wasimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyonyoshwa, wala asiwepo mtu juu ya mstari wake au katika pembe ya kapi. Koti zito la mvua au tawi lenye majani likiwekwa katikati ya kamba hupunguza mruko wake ikikatika. Mikono ya kuvutia na ya kurudisha isichezwe kwa pamoja, na kishikio cha kufungulia mataya kisiguswe kamwe wakati kamba ina mzigo. Wala mashine hii haikuundwa kwa kunyanyulia watu. Aliyetumbukia shimoni atafutiwe njia nyingine.

Haya yote yameandikwa katika kijitabu kinachokuja na kila winchi. Tatizo ni kwamba kijitabu hicho huwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na aghalabu hukaa katika ofisi ya afisa usafirishaji, kikiwa safi. Askari wetu, tangu zama za King's African Rifles, wamepokea amri kwa Kiswahili, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Basi sioni kwa nini mkono wa kuvutia na mkono wa kurudisha visiwe na majina yanayojulikana na kila anayevishika. Nimeshuhudia kamanda akipiga kelele "Release! Release!" naye kijana aliyekuwa kwenye winchi, kwa utii wake wote, akakishika kile kishikio cha kufungulia mataya, ilhali kilichotakiwa ni kurudisha taratibu. Mungu alisaidia, kishikio hakikuweza kusogezwa kwa sababu ya mzigo.

Kwa vituo vidogo vya polisi, ambavyo havina fundi wala stoo ya maana, mzigo huu ni mkubwa zaidi kuliko kambini. Kituo chenye gari moja na winchi moja iliyorithiwa kutoka kwa mradi fulani hakiwezi kungoja pini zitoke makao makuu kila zinapokatika. Naona ingefaa kila winchi itolewe pamoja na pini za kutosha msimu mzima wa mvua, na lita moja ya mafuta ya gia, na kapi lake, kama vile bunduki isivyotolewa bila magazini. Gharama yake ni ndogo hata mbele ya bei ya kamba moja mpya.

Na afisa anayekagua magari asiridhike kuambiwa, "Winchi ipo, afande." Aombe ifungwe kwenye mti na kwenye gari lililo pale uwanjani, avute yeye mwenyewe mara 20, asikilize kama inashtuka. Kisha afungue mpini wa mkono, kwa kuwa katika mashine nyingi za aina hii pini za akiba hukaa humo ndani, azimwage kiganjani na kuzihesabu. Akikuta patupu, aanze kuuliza maswali yake stoo. Na kabla hajaondoka, amtume mtu mwenye mwandiko mzuri aandike kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko cha sanduku, kwa Kiswahili: tani 1.6, mafuta ya gia, pini halali tu, hakuna bomba.